Fyuzi Hulinda Nini? Uhakiki wa Maneno ya Waya, Mkondo na Kinga katika Vyombo vya Joto vya Nyumbani

Utangulizi

Aghalabu sisi tushughulikao na istilahi huupima ubora wa neno kwa sikio. Twauliza: je, neno latamkika kwa urahisi? Je, limeundwa kutokana na mizizi ya Kiswahili, au limetoholewa? Je, wananchi watalipokea? Maswali hayo ni ya haki, na kwa maneno mengi yatosha. "Jokofu" na "kiyoyozi" yamepimwa kwa mizani hiyo yakapata mahali pake. Hata kama wananchi wangeyakataa wakabaki na "friji" na "eisii", hapana ambaye angedhurika. Lakini yako maneno machache ambayo kosa lake halibaki katika ukurasa wa kitabu. Huhamia darini, ndani ya kuta na nyuma ya jiko, na likidhihirika huwa nyumba imekwisha kushika moto. Maneno yahusuyo unene wa waya na kiwango cha fyuzi ni miongoni mwa hayo.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno hayo kama yanavyotumika katika karatasi za maelekezo, katika madarasa na katika mazungumzo ya mafundi, hasa yanapohusu vyombo vya nyumbani vitoavyo joto: hita za maji, majiko, pasi, birika na vidhibiti vyake. Hoja yenyewe ni moja. Kiswahili chetu cha umeme kimekwisha kuwa na majina ya vitu, lakini hakijasema bayana kila kitu kina kazi gani kwa mwenzake. Hasa, hakijamwambia msomaji kwamba fyuzi imewekwa kwa ajili ya waya.

Ili mazungumzo yasielee hewani, na tuichukue Kalinzi kuwa mahali pa kupimia. Kalinzi ni nchi ya mashamba ya kahawa na migomba, katika nyanda za juu za Wilaya ya Kigoma. Ziwa Tanganyika lipo kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kalinzi ipo juu ya hapo kwa mamia ya mita. Kwa hiyo yule atokaye Ujiji jioni huhitaji sweta afikapo huko, na maji ya kuoga ya moto si anasa. Umeme wa gridi ni jambo la karibuni katika mkoa huo, ambao kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli. Na kazi ya kuufikisha vijijini imesimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Isitoshe, mpaka wa Burundi uko karibu na Kongo iko ng'ambo ya ziwa, hata bidhaa za umeme zinazouzwa mkoani hutoka katika desturi mbili tofauti za ufundi. Mahali kama hapo ndipo neno lisilo sawa linapokutana na mtumiaji ambaye hana njia nyingine ya kulisahihisha.

Sentensi moja na makosa manne

Ifuatayo ni sentensi ya mfano, iliyotungwa kwa kufuata desturi ya karatasi za maelekezo zinazowekwa ndani ya maboksi ya vyombo vya umeme:

"Hakikisha fyuzi ina nguvu ya kutosha na waya ni mkubwa, ili kukinga chombo kisiungue moto ukizidi."

Kisarufi sentensi hii haina dosari. Mwalimu wa lugha ataipa alama zote. Hata hivyo maneno yake manne, yaani "nguvu", "mkubwa", "kukinga chombo" na "moto", kila moja lampotosha msomaji kwa namna yake. Tuyatazame moja baada ya jingine, tukianza na lile lililo zito zaidi.

Kukinga chombo

Ukimwuliza mtu asiye fundi kazi ya fyuzi ni ipi, atakujibu kuwa inalinda redio, au jokofu, au hita. Jibu hilo limeenea, na baadhi ya maelezo ya vitabuni yameliimarisha. Lakini katika ufungaji wa umeme nyumbani, fyuzi iliyo katika boksi la umeme imewekwa kwanza kabisa kwa ajili ya waya unaotoka hapo kwenda chumbani.

Sababu yake ni rahisi. Waya una ukinzani, na mkondo upitapo huutia joto. Joto hilo halikui sawasawa na mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Waya uliofunikwa kwa plastiki una kiwango ambacho ukikipita kihami chake hulainika, kisha huyeyuka, na shaba mbili zilizokuwa zimetengwa hugusana. Waya huo umepita ndani ya ukuta au juu ya dari ya mbao, mahali ambapo hapana mtu auonaye. Kwa hiyo pahitajika kitu kimoja katika njia hiyo kitakachokata kabla waya haujafikia hali hiyo. Kitu hicho ndicho fyuzi.

Kutokana na hayo twapata utaratibu wa hatua tatu ambao mafundi wa nchi nyingi huufuata: mzigo usizidi kiwango cha fyuzi, na kiwango cha fyuzi kisizidi uwezo wa waya. Tuchukue hita ya maji ya wati 3,000 kwa volti 230, ambayo ndiyo volteji ya nyumba zetu. Wati zikigawanywa kwa volti, twapata takriban ampea 13. Huo ndio mzigo. Fyuzi au kikata mkondo cha ampea 16 au 20 kitauruhusu. Waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 2.5, uliofungwa ipasavyo, kwa kawaida utazibeba ampea hizo 20 bila kuchemka. Utaratibu umekamilika: 13, kisha 20, kisha waya ulio sawa na 20 au zaidi.

Sasa, mtu aliyefundishwa kwamba fyuzi hulinda chombo hataiona hatua ya tatu kabisa. Ataulinganisha ukubwa wa fyuzi na ukubwa wa hita, basi. Akinunua hita kubwa zaidi, ataweka fyuzi kubwa zaidi, na dhamiri yake itakuwa safi. Kumbe waya ulio ukutani ni ule ule wa taa, wa milimita mraba 1.5. Hakukiuka maelekezo. Aliyafuata kama yalivyoandikwa.

Nguvu

Neno "nguvu" limebeba mizigo mitatu. Fundi asemapo "umeme wa leo hauna nguvu", ana maana ya volteji iliyoshuka. Muuza duka asemapo "hita hii ina nguvu", ana maana ya wati. Na yule asemaye "fyuzi yenye nguvu" ana maana ya ampea. Wanasayansi wetu walikwisha kuona hatari ya jambo hili katika fizikia, wakatenga "kani" na "nishati" mbali na "nguvu". Lakini utengano huo umebaki darasani. Haujashuka hadi kwenye karatasi ya maelekezo.

Katika suala la fyuzi, "nguvu" huleta madhara ya pekee, kwa kuwa katika Kiswahili nguvu ni sifa njema. Mlinzi mwenye nguvu ni bora kuliko mlinzi dhaifu. Kamba yenye nguvu ni bora kuliko kamba iliyochakaa. Msomaji aambiwaye atafute fyuzi yenye nguvu ya kutosha ataelewa kuwa kosa pekee liwezekanalo ni upungufu, na kwamba kuzidisha ni uangalifu wa ziada. Hali halisi ni kinyume. Fyuzi ndogo mno itakata mara kwa mara na kumwudhi mwenye nyumba. Fyuzi kubwa mno haitaudhi mtu yeyote, nayo itaacha waya uungue mbele yake.

Istilahi ifaayo hapa tunayo tayari, nayo ni "mkondo". Mvuvi wa Ujiji hahitaji kufundishwa mkondo ni kitu gani. Kwake ni maji yaliyo safarini. Kina cha ziwa ni jambo jingine na kimo cha maporomoko ni jambo jingine tena. Vivyo hivyo mkondo wa umeme ni kiasi kinachopita, na kipimo chake ni ampea. Hata hivyo yafaa kukumbuka kuwa ng'ambo ya ziwa, katika miji kama Uvira na Bukavu, neno la Kifaransa lenye maana hiyo hiyo, "courant", limekuwa jina la umeme wote kwa jumla. Neno likitumiwa bila kipimo chake hupanuka hivyo. Ndiyo maana yapendekezwa kwamba popote panapotajwa mkondo, ampea zitajwe. Popote panapotajwa volteji, volti zitajwe. Na neno "nguvu" liondolewe kabisa katika maelezo ya fyuzi. Tuseme "kiwango cha fyuzi".

Mkubwa, mnene, na geji

Waya "mkubwa" ni upi? Ni mrefu, mnene, au wenye nyuzi nyingi ndani? Wengi watajibu kuwa ni mnene, na kwa kebo ya nyumbani jibu hilo ni sahihi. Lakini unene nao una matatizo matatu ambayo mfasiri hana budi kuyafahamu.

Tatizo la kwanza ni kipimo. Madukani waya huuzwa kwa maneno "mbili nukta tano" au "milimita 2.5", na neno "mraba" limedondoka njiani. Msomaji asiye fundi akichukua rula kupima kipenyo, atatafuta waya wenye upana wa milimita mbili na nusu. Lakini waya wenye eneo la mkato la milimita mraba 2.5 una kipenyo cha milimita 1.8 hivi tu. Na waya wenye kipenyo cha milimita 2.5 una eneo karibu mara mbili, yaani takriban milimita mraba 4.9. Tofauti kati ya kipenyo na eneo si jambo la wanahesabu peke yao: kipenyo kikizidi maradufu, eneo huzidi mara nne. Kwa hiyo "unene" utumike katika mazungumzo. Katika maandishi rasmi pasemwe "eneo la mkato", na "mraba" usiachwe.

Tatizo la pili ni geji. Karatasi za vyombo na vidhibiti vya joto vitokavyo Marekani hutaja unene kwa namba za geji, ambazo hupanda kadiri waya unavyozidi kuwa mwembamba. Geji 14 ya Marekani ni takriban milimita mraba 2.1, geji 12 ni milimita mraba 3.3; nayo geji 18, ambayo hutumika sana katika nyaya za vidhibiti vya joto, ni milimita mraba 0.8 tu. Maelekezo yakisema geji 14 au iliyo nzito zaidi, mfasiri mwenye haraka aweza kuandika "geji 14 au zaidi". Kwa maneno hayo amemruhusu msomaji kutumia geji 16 na geji 18, yaani ameamuru kinyume cha alichokisoma. Hapa twaweza kusaidiwa na ujuzi ambao wananchi wanao. Mtu yeyote wa Kalinzi aliyeezeka nyumba anafahamu kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na bei yake ni kubwa zaidi. Kipimo cha mabati si kile kile cha nyaya, lakini mwelekeo wa namba ni mmoja. Mwalimu na aanzie kwenye bati ndipo aende kwenye waya.

Mafundi wa zamani nao walikuwa na hesabu yao iliyorithiwa kutoka Uingereza, ya nyuzi na inchi. Waya wa 7/029 ulikuwa na nyuzi saba, kila uzi ukiwa na kipenyo cha sehemu 29 za elfu moja ya inchi, jumla takriban milimita mraba 3. Waya wa 3/029 ulikuwa na nyuzi tatu, takriban milimita mraba 1.3. Hesabu hiyo ilikuwa na fadhila moja: ilieleza kile ambacho jicho huona mtu amenyapo waya. Nyumba zilizofungwa umeme kabla ya kuenea kwa vipimo vya metriki huenda zikawa bado na nyaya hizo, na mfasiri akutanaye na namba hizo katika jalada la zamani asidhani kuwa ni tarehe.

Tatizo la tatu ndilo la hatari zaidi, nalo ni kwamba neno "waya" hutumika kwa vitu viwili ambavyo sheria zake hupingana. Kuna waya wa kebo na kuna waya wa fyuzi. Katika kebo, kadiri waya unavyozidi unene ndivyo usalama unavyozidi. Katika fyuzi ya kutia waya, kadiri waya unavyozidi unene ndivyo hatari inavyozidi. Waya wa fyuzi wa ampea 5 una kipenyo cha milimita 0.20, wa ampea 15, milimita 0.50, wa ampea 30, milimita 0.85. Sasa mtu aliyekosa waya wa fyuzi usiku huchukua kipande cha kebo ya milimita mraba 2.5 yenye nyuzi saba, akachomoa uzi mmoja, akaufunga. Uzi huo una kipenyo cha milimita 0.67. Kwa macho ni mwembamba kama nywele za mkia wa farasi, lakini kwa hesabu ni fyuzi ya ampea 20 na zaidi. Tena fyuzi za namna hiyo huhitaji mkondo ulio karibu maradufu ya kiwango chake ndipo zikate. Taa zake zilizokuwa zikilindwa na ampea 5 sasa hazina mlinzi. Na kama alisoma mahali fulani kwamba "waya mnene ni salama", alikuwa na haki ya kudhani kuwa ameongeza usalama.

Kwa hiyo yapendekezwa kwamba katika maandishi ya mafunzo neno "waya" lisitumike peke yake kwa uzi wa fyuzi. Tuseme "uzi wa fyuzi", na "waya" libaki kwa ule upelekao umeme chomboni. Neno "uzi" lenyewe humkumbusha msomaji kwamba kitu hiki kimewekwa ili kikatike.

Moto

Katika lugha ya mafundi, "waya wa moto" ni ule wenye umeme, ukitofautishwa na ule wa nyutro na ule wa ardhi. Fundi akigusa kwa tesa akasema "una moto", ana maana kuwa umeme umefika. Usemi huu una uhai wake, nao ni wa Kiswahili kamili. Pasipo vyombo vya joto usingekuwa na dosari kubwa.

Lakini tukiingia katika mlango wa hita na majiko, usemi huu hutuangusha. "Waya una moto" yaweza kuwa ni habari njema, kwamba umeme umefika. Au yaweza kuwa onyo, kwamba waya umechemka na kihami chake kinalainika. Mwenye nyumba akimweleza fundi kwa simu kuwa "waya wa hita una moto", fundi atajibu "vizuri". Neno lile lile tena lina maana ya tatu, yaani ule moto wa miali, na maana ya nne katika "maji ya moto". Sentensi yetu ya mfano, "moto ukizidi", yaweza kusomwa kwa njia zote hizo.

Hapana haja ya kuunda neno jipya. Kiswahili cha kawaida chatosha: "waya una umeme" na "waya una joto". Usemi wa mafundi usipigwe vita katika karakana, kwa maana hauwezi kuondolewa kwa amri. Lakini usiingizwe katika karatasi ya maelekezo wala katika mtihani.

"Fyuzi imeungua"

Liko kosa jingine ambalo halimo katika sentensi yetu, bali limo midomoni mwetu sote. Umeme ukikatika chumbani twasema "fyuzi imeungua", au hata "fyuzi imekufa". Katika usemi huo fyuzi ni mgonjwa. Na mgonjwa hutafutiwa badala yake mwenye afya zaidi, asiyeugua ovyo. Hapo ndipo wazo la kuweka fyuzi kubwa linapozaliwa, na limezaliwa katika sarufi kabla ya kufika mkononi.

Tukisema "fyuzi imekata", mambo hubadilika. Fyuzi sasa ni mtenda, imefanya kazi iliyowekewa, na swali linalofuata ni moja tu: imekata kwa sababu gani? Je, vyombo ni vingi mno katika njia moja? Je, waya umechubuka ukaleta shoti? Kwa sababu hiyo hiyo jina "kikata mkondo" lafaa kwa kile ambacho wengi hukiita sakiti breka. Fyuzi ikate, na kikata mkondo kikate. Kitenzi ni kimoja kwa kuwa kazi ni moja, ingawa fyuzi hutolewa uzi wake na kikata mkondo hurudishwa kwa kidole.

Kidhibiti si kinga

Hita ya maji ina thamostati. Wafasiri wameiita "kidhibiti joto", na jina hilo ni zuri. Tatizo ni kwamba neno "kidhibiti" limeanza kutumika pia kwa fyuzi, kwa kikata mkondo, na kwa kile kifaa kidogo cha usalama ndani ya hita kikatacho umeme maji yakipita joto la hatari. Vitu hivi vina kazi mbali mbali. Thamostati hukata na kurudisha umeme mara nyingi kwa siku, kwa mapenzi ya mwenye nyumba. Kikata joto hakitakiwi kufanya kazi ila thamostati imeharibika. Fyuzi haijui lolote kuhusu joto la maji. Yenyewe hupima mkondo tu. Mtu akiambiwa kuwa hita yake "ina kidhibiti", aweza kudhani waya wake umekwisha kulindwa.

Suala hili huonekana vema zaidi katika nchi za baridi, ambako nyumba nzima hupashwa joto kwa mitambo. Marekani, thamostati ya ukutani mara nyingi huendeshwa kwa volti 24 kupitia nyaya nyembamba za geji 18, wakati mtambo wenyewe hutumia nyaya nene na fyuzi kubwa. Nyaya zile nyembamba haziwezi kutegemea fyuzi ya mtambo, maana zingeungua zamani kabla fyuzi hiyo haijahisi jambo. Hivyo hupewa fyuzi yao ndogo, mara nyingi ya ampea 3 au 5. Kanuni iliyomo ni hii: pale waya upunguapo unene, hapo kinga mpya ianze.

Kanuni hiyo haiko mbali na Kalinzi. Plagi ya miguu mitatu ya mraba, iliyowekewa kiwango cha Uingereza tangu mwaka 1947 na ambayo twaitumia hadi leo, ina fyuzi ndani yake. Soketi za nyumba zaweza kulishwa kwa mzunguko wenye kinga ya ampea 32, lakini waya mwembamba wa taa ya mezani hauwezi kubeba hizo. Basi plagi huupa fyuzi ya ampea 3, na birika hupewa ya ampea 13. Plagi ya miguu miwili ya duara, itumikayo Burundi na Kongo, haina fyuzi ndani. Desturi ya huko ni kuweka kinga ndogo zaidi, aghalabu ya ampea 16, katika boksi lenyewe. Kila desturi imekamilika kwa upande wake. Lakini chombo kilichonunuliwa Bujumbura kikichomekwa kwa adapta isiyo na fyuzi katika nyumba iliyofungwa kwa desturi yetu, waya wake mwembamba umeachwa baina ya desturi mbili, hauna mlinzi wa huku wala wa kule. Kiswahili huita vyote viwili "plagi". Ni vema basi tuandike "plagi yenye fyuzi" na "plagi isiyo na fyuzi", ijapokuwa maneno ni marefu.

Pingamizi

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya mafundi. Kwamba Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji hutoa leseni kwa wafungaji umeme, na mwananchi wa kawaida hapaswi kugusa boksi. Ni kweli kwamba hapaswi. Lakini mwananchi ndiye anunuaye hita, ndiye abadilishaye fyuzi ya plagi, na ndiye amwambiaye fundi "niwekee kubwa ili isinisumbue". Fundi aliyesoma atakataa. Na ili akatae kwa heshima, akaeleweka, anahitaji maneno ambayo yeye na mteja wake wanayafahamu kwa maana moja.

Wengine watasema kwamba "fyuzi", "ampea" na "geji" ni maneno ya kigeni, na kazi ya Baraza ingekuwa kuyatafutia badala. Mwandishi haafiki. Maneno hayo yamekwisha kuota mizizi madukani, nayo hayamdanganyi mtu. Yaliyo na hatari ni maneno yetu wenyewe ya asili, "nguvu", "moto", "mkubwa", kwa kuwa kila mtu anadhani anayafahamu. Neno la kigeni humfanya msomaji aulize. Neno la nyumbani humfanya apite.

Hitimisho

Sentensi yetu ya mfano yaweza sasa kuandikwa upya:

"Chombo hiki huchukua mkondo wa ampea 13. Kifungwe kwa waya wa shaba wenye eneo la mkato lisilopungua milimita mraba 2.5. Kiwango cha fyuzi au kikata mkondo kisizidi ampea 20, ili waya usipate joto la kuunguza. Fyuzi ikikata, tafuta sababu kwanza. Usiweke yenye kiwango kikubwa zaidi."

Sentensi zimekuwa tano badala ya moja, na mchapaji atalalamika kuhusu nafasi. Lakini kila namba ina kipimo chake, kila kikomo kimesemwa kama ni cha chini au cha juu, na waya umetajwa kuwa ndio unaolindwa.

Ni ombi la mwandishi kwamba orodha za istilahi za ufundi zitakazotolewa zisiishie kulinganisha neno na neno katika safu mbili. Kwa maneno machache ya aina hii, iongezwe safu ya tatu ya kueleza kitu hicho hufanya kazi gani na kwa ajili ya nini. Walimu wa sayansi wanaweza kuanza hata kabla ya orodha hiyo, kwa kuwataka wanafunzi waseme ni kitu gani hulindwa na fyuzi, na kusahihisha jibu. Nao watumishi wa serikali wanaopitisha maelekezo ya bidhaa zinazoingia nchini wataweza kukagua Kiswahili chake kwa maswali matatu mafupi: ampea ni ngapi, eneo la mkato ni lipi, na kinga isizidi ngapi. Karatasi isiyojibu maswali hayo irudishwe kwa mfasiri.